Shangazi, kikombe kimoja cha unga ni gramu ngapi?

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Tanga. Nina watoto wawili na naoka keki za kuuza hapa hapa nyumbani, nyingi za siku ya kuzaliwa, na zikija sherehe naongeza visheti na vitumbua. Sikusomea kuoka. Miaka yote nimekuwa na keki moja tu ninayoijua kwa kichwa: unga nusu, sukari robo, siagi robo, mayai sita. Unga na sukari napimiwa dukani, siagi inakuja kwenye kopo la robo, basi. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha.

Mdogo wangu ameolewa Marekani, yuko Ohio. Mwezi uliopita alinitumia mapishi ya keki ambayo anasema kule wanayakariri kwa kuhesabu moja mpaka nne: siagi kikombe kimoja, sukari vikombe viwili, unga vikombe vitatu, mayai manne. Halafu maziwa kikombe kimoja na beking pauda vijiko vitatu vya chai. Akatuma na picha. Keki imesimama vizuri, laini, ukiitazama tu unajua ukiigusa itabonyea. Nikaipenda.

Sasa mimi sina vikombe vya kupimia. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta kikombe kimoja ni mililita 250. Nikajiambia, 250 ni robo lita, na robo lita ni robo kilo. Nikamwandikia mtoto kikaratasi cha dukani: unga robo tatu, sukari nusu. Siagi nikafungua kopo la robo, maziwa nikapima robo lita. Shangazi, lile rojo halikumiminika. Nililisukuma kwenye trei kwa mwiko kama fundi anayepiga lipu. Keki ikapasuka katikati, pembeni ngumu, ndani kavu inamwagika makombo. Watoto waliila kwa kuichovya kwenye chai, na baba yao akauliza kama hiyo ndiyo keki ya Marekani.

Hilo ni moja. La pili ni mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Yeye ana kikombe chake cha bati, cheupe chenye mstari wa buluu, na vitumbua vyake vinasifiwa mtaa mzima: mchele vikombe vitatu, tui kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja, hamira kijiko, hiliki. Alipokwenda Pangani msibani nilipata oda ya vitumbua, nikafuata vipimo vyake vilevile kwa kikombe changu cha plastiki, maana cha kwake alikuwa amekifungia kabatini. Rojo lilikaa mpaka nikachoka, halikuumuka ipasavyo. Niliporudi kwenye habari ya kununua mizani ya jikoni, mama akasema mizani ni kitu cha dukani, jikoni mtu anapima kwa mkono. Mume wangu akamuunga mkono: hela ya mizani si bora ninunue unga?

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Nina oda ya keki ya kilo mbili kwa ajili ya mahafali, na mteja ameniambia wazi kwamba ataipima. Nataka kumwokea hii ya mdogo wangu. Nifanyeje?

Nilitaka kusahau: tuna sufuria ya umeme ya kupikia wali, ilikuja na kikombe kidogo cha plastiki. Hicho ndicho kikombe cha kupimia wanachosema?

Mwokaji wa Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa unga wako.

Nianze na kile kikaratasi ulichompa mtoto, maana kosa lote la keki liko pale. Robo lita ni robo kilo ukipima maji. Kwa maziwa pia unaweza kusema hivyo, yanazidi gramu saba au nane tu, na keki haiwezi kuzihisi. Ukitoka hapo, hesabu hiyo iache. Kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 240. Kijaze unga wa ngano taratibu kwa kijiko, bila kuushindilia, kitakuwa na gramu 120 hadi 125. Kijaze sukari nyeupe, gramu 200. Kijaze siagi, 227. Kikombe ni kilekile, nafasi ni ileile, ila kila kitu kinakuja na uzito wake.

Mdogo wako alikuambia unga vikombe vitatu. Hizo ni gramu 360, ukizidisha sana 375. Wewe ulipimiwa 750. Umetia unga wa keki mbili ndani ya keki moja. Sukari ilitakiwa 400, ukatia 500. Siagi ulizidisha kidogo tu, maziwa uliyapatia, mayai yalibaki manne. Kwa hiyo unga maradufu uligombea maziwa na mayai yaliyotosha nusu yake, na hapo hata oveni ya hoteli isingekusaidia. Na ungeongeza maziwa ili rojo lilegee, kama wengi tunavyofanya, ungepata keki nzito isiyo na ladha, kwa sababu siagi na beking pauda zingekuwa bado ni za unga nusu.

Hivyo vikokotoo vya mtandaoni si vibaya, lakini vipime kwanza kabla hujavipa unga wako. Kikokotoo kikikuuliza "kikombe kimoja cha nini?" endelea nacho. Kikikupa gramu bila kutaka kujua unapima nini, kinakupimia maji.

Sasa unga wenyewe, maana ndio mtundu kuliko vyote. Fanya jambo hili mbele ya macho yako mwenyewe. Chukua kikombe, kichovye ndani ya mfuko wa unga, kichote kwa nguvu, halafu kigonge mezani mara mbili. Utaona unga umeshuka karibu upana wa kidole, na mkono utataka kuongeza mwingine juu. Usipojizuia, umeshatia gramu 150 na ushee ndani ya kikombe kile kile cha 120. Sasa umwage, uchekeche mpaka uwe mwepesi, uchote kwa kijiko ukidondoshea kikombeni, ukate juu kwa mgongo wa kisu. Huenda usifike hata 115. Tofauti yote hiyo ni hewa. Kwenye kikombe kimoja unaweza kuipuuza, lakini keki yako ina vikombe vitatu: ukichota kwa kushindilia mara tatu umeongeza karibu kikombe kizima cha unga bila kujua, na utalaumu mayai.

Ndiyo maana ukisoma mapishi ya vikombe uangalie mpangilio wa maneno. "Unga uliochekechwa vikombe viwili" maana yake unachekecha kwanza, ndipo unapima. "Unga vikombe viwili, uchekeche" maana yake unapima kwanza. Mwandishi asiposema lolote, chukua ile ya kati: koroga unga ndani ya mfuko kwa kijiko ili usiwe umeshikana, ujaze kikombe kwa kijiko, sawazisha kwa kisu. Hapo unakuwa karibu na 125, na kwa mapishi mengi ya Marekani hiyo ndiyo wanayoikusudia.

Hili la kusawazisha kwa kisu wala si langu. Fannie Farmer, aliyekuwa mkuu wa shule ya mapishi kule Boston, alilishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1896, kikombe kilichokatwa juu na kijiko kilichokatwa juu, na wapishi wa nyumbani wa Marekani wameng'ang'ania vikombe hadi leo. Wafaransa na Wajerumani wao wanapima kwa gramu. Kwa hiyo mdogo wako hajakudanganya, kakutumia kipimo cha watu anaoishi nao.

Vikombe vyenyewe navyo havilingani, na hili nitalipitia haraka. Cha Marekani 240, cha Australia 250, cha Japani 200. Vitabu vya zamani vya Kiingereza, vile ambavyo baadhi ya mama zetu walirithi kwa masista na walimu, kikombe chao kinafika 284, na vingi vinapima kwa wakia na ratili: wakia moja gramu 28, ratili moja gramu 454. Hata kijiko cha chakula ambacho kwingi ni mililita 15, Australia ni 20. Ukikuta mapishi, jua kwanza yametoka nchi gani. Na ukiona alama ya oz, yaani wakia, kwenye mapishi ya mdogo wako, uliza ni ya uzito au ya ujazo, kwa sababu Wamarekani wanaitumia kwa vyote viwili, unga na maziwa.

Kabla ya kuzungumzia mizani, nakupa kazi ya bure ambayo unaweza kuifanya leo jioni.

Nunua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, usiifungue hadi utakapokuwa tayari. Mimina kwenye kikombe chako cha plastiki mpaka ukingoni. Kikijaa mara mbili kamili na chupa ikaisha, kikombe chako ni mililita 250. Kikijaa mara moja na nusu hivi, ni kama 330, na hapo umekamata mchawi wako wa kwanza. Ukitaka kupata 240 ya Marekani, chukua bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, lisilo na sindano yake, pima maji mara 24 uyatie kwenye glasi iliyonyooka, uchore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Inachosha, lakini unaifanya mara moja tu. Bomba hilohilo litakuambia ukweli kuhusu vijiko vyako: kijiko cha chai cha mapishi ni mililita 5, cha chakula 15, na vya kwenye kabati lako kila kimoja kina tabia zake. Kile kijiko kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto mara nyingi kimeandikwa mililita 5. Kioshe, kihamishie jikoni.

Halafu chukua paketi ya unga ya kilo moja ambayo bado imefungwa. Ifungue, upime kwa kikombe chako hadi iishe, kwa mtindo ule wa kijiko na kisu, ukiweka alama ya penseli kila kikombe. Gawa 1000 kwa idadi uliyopata. Kikombe cha 250 kitakupa vikombe kati ya saba na nane, yaani gramu 130 na kitu. Fanya hivyo kwa paketi ya sukari ya kilo, utapata vikombe pungufu kidogo ya vitano. Mchele, vitano na kidogo. Sasa una jedwali la kikombe chako, la unga unaouzwa kwenu, lililopimwa na mkono wako, na hilo ni bora kuliko jedwali lolote nitakalokuandikia mimi. Libandike ndani ya mlango wa kabati. Ukibadilisha kikombe, libandue.

Tuje kwa mama mkwe, na hapa nakuomba upunguze sauti, kwa sababu mama yuko sahihi kwa sehemu kubwa.

Mapishi yake ni ya uwiano. Mchele tatu, tui moja na nusu, sukari moja. Ukivipima vyote kwa kikombe kimoja, kikombe kinaweza kuwa kidogo au kikubwa, hata ukitumia kopo la maziwa ya unga, uwiano hauvunjiki. Ndiyo maana amepika maisha yake yote bila mizani na hajaharibu. Kilichokuangusha ni kile kijiko cha hamira. Hicho hakikuwa kwenye kikombe. Tuseme kikombe chake cha bati ni mililita 200 na chako ni 350: umeongeza mchele, tui na sukari karibu mara mbili, hamira ikabaki kijiko kilekile. Rojo halikugoma kuumuka, lilikuwa linakwenda polepole na wewe ulikuwa na haraka ya oda. Na bado hujatuambia kijiko chake ni kipi. Akina mama wa rika lake wengi wakisema kijiko bila kuongeza neno wana kijiko chao maalumu, tena kimejaa kilima.

Mapishi ya vikombe vitupu unaweza kuyapika kwa kikombe chochote. Mapishi yanayochanganya vikombe na vitu vya kuhesabu, kama mayai, vijiko, pakiti ya hamira au kopo la siagi, yamefungwa kwenye kikombe cha ukubwa fulani, na ni lazima ukijue. Keki ya mdogo wako ni ya aina hii ya pili kwa sababu ya mayai manne. Vitumbua vya mama ni vya aina hiyo kwa sababu ya hamira.

Kwa hiyo siku mama atakapopika tena vitumbua mwombe umsaidie. Akishapima mchele, kikombe kikiwa kinaoshwa, kijaze maji wewe na uyamimine kwenye chombo chako chenye alama. Kijiko chake nacho kichote hamira mbele yake, kama yeye anavyochota, uitie kwenye kijiko chako cha mililita 5 uhesabu. Huna haja ya kutangaza kwamba unamkagua. Na akikuuliza unafanya nini, mwambie ukweli: unataka kurithi vitumbua vyake vikiwa salama. Simjui mama anayekasirishwa na hilo.

Akishikilia kwamba kipimo ni kipimo, mkumbushe pishi ya zaka ya Fitri. Kipimo cha asili ni swaa, na swaa ni ujazo: mudi nne, kila mudi ni viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojaa. Tukija kuitoa kwa kilo, unasikia wengine wakisema mbili na nusu, wengine wanachukua tahadhari wanasema tatu, na mchele haupati uzito sawa na tende wala unga ndani ya chombo kilekile. Mama anayajua haya kuliko mimi na wewe. Ni jambo lilelile lililokuharibia keki.

Kuhusu mizani, hapo nasimama upande wako na baba watoto anisamehe. Anayepikia familia yake anaweza kuzeeka bila mizani na akala vizuri. Anayeuza hawezi, kwa sababu mteja analipia keki ileile aliyoionja kwa jirani, siyo binamu yake. Mpigie hesabu mumeo ya keki ile iliyoliwa kwa chai: unga, sukari, siagi, mayai, maziwa, gesi. Mwekee kwenye karatasi, usibishane naye kwa mdomo.

Tafuta ya kidijitali inayobeba kilo tano na kuhesabu gramu moja moja, yenye kitufe cha kurudisha sifuri. Kitufe hicho ndicho utakachokipenda: unaweka bakuli, unabonyeza, linasoma sifuri, unamimina unga hadi 360, unabonyeza tena, unamimina sukari. Hakuna kikombe cha kuosha. Ukiileta nyumbani ijaribu kwa maji: weka bakuli, rudisha sifuri, tia nusu lita, isome 500 au karibu sana na hapo. Iweke mahali palipo sawa, siyo juu ya kitambaa wala kibao kinachotikisika, na betri ikianza kuchoka ibadilishe kabla haijaanza kukudanganya.

Lakini usiipimie kila kitu. Mizani ya namna hiyo haiaminiki kwenye gramu mbili tatu. Hamira, chumvi, beking pauda, hiliki, endelea na kijiko kilichokatwa juu. Kijiko cha chai cha hamira ya chenga ni kama gramu 3, ndiyo maana pakiti ndogo ya gramu 11 inakupa vijiko vitatu na nusu hivi. Cha chumvi laini ni gramu 6, na chumvi ya mawe kijiko hichohicho kina pungufu kwa sababu ya nafasi kati ya chembe, kwa hiyo usibadilishe moja kwa nyingine bila kuonja.

Mafuta: lita moja ni kama gramu 920, haifiki kilo. Ukiambiwa robo kilo ya mafuta, mimina mililita 270. Asali ni kinyume chake, lita moja ina kilo 1.4 hivi, na hapo nakuongezea la biashara japo hukuuliza. Ukiagiza asali ya Tabora, uliza bei ni ya lita au ya kilo. Kilo moja ya asali inajaza mililita 700 tu na kitu. Anayekuuzia "kilo" ndani ya chupa ya lita iliyojaa mpaka shingoni anakupa zawadi, au hajui anachouza.

Siagi ya mdogo wako ni rahisi. Kule inauzwa kwa vipande vya gramu 113, viwili ni kikombe. Wewe chukua kopo lako la gramu 250, utoe kijiko kimoja na nusu cha chakula. Mayai yao ni makubwa, manne yakivunjwa ni kama gramu 200 bila maganda. Ukitumia ya kienyeji, ambayo ni madogo, vunja matano na uyapime.

Sasa oda ya mahafali. Jumlisha keki nzima kwa gramu: siagi 227, sukari 400, unga 360, mayai 200, maziwa 240 na ushee, beking pauda kidogo. Rojo lote linakuja kilo moja na gramu 440 hivi. Kwenye oveni maji yanatoka kama mvuke, na keki hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Itatoka ikiwa na kilo 1.3. Haitoshi oda. Zidisha kila kitu mara moja na nusu: unga 540, sukari 600, siagi 340 (kopo moja la robo na vijiko sita na nusu vya chakula), mayai sita, maziwa mililita 360, beking pauda vijiko vinne na nusu vya chai. Hapo rojo linakaribia kilo 2.16 na keki iliyoiva itakuwa kama 1.95. Gawa rojo kwenye trei mbili kwa mizani, 1,080 kila moja, ziive kwa wakati mmoja na zilingane kimo. Ukishaziunganisha kwa kremu umevuka kilo mbili.

Ila kabla hujawasha oveni, mpigie huyo mteja umuulize: kilo mbili ni pamoja na kremu au keki tupu? Wako wanaohesabu keki iliyopambwa, wako wanaohesabu keki kabla ya kremu, na nimesikia hata wanaoita keki ya kilo ile iliyotiwa unga kilo moja. Mtu anayekuja na mizani yake mlangoni huyo hataki maelezo siku hiyo. Mwandikie kwenye ujumbe, akujibu, uuhifadhi. Na kabla ya hapo oka nusu ya mapishi, unga 180, mayai mawili, uone oveni yako inaipokeaje. Usiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya oda.

Wako,
Shangazi

Kuhusu kile kikombe cha sufuria ya wali: hapana, sicho. Kile ni mililita 180, kinabeba mchele kama gramu 150, na ile mistari ya maji ndani ya sufuria imechorwa kwa kukifuata chenyewe, kwa hiyo msikipoteze. Lakini ukibanwa kabla mizani haijafika, vinne vya kile ni sawasawa na vitatu vya Marekani. Unga wa keki ya mdogo wako umeshaupata.